Mtaalamu wa Udongo na Mitungi Arobaini na Moja

Karakana ya Ufinyanzi,
Kibaha,
12 Januari 1975

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Bi Swaumu binti Mwinshehe,

Shikamoo Shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote wa hapo Mzenga. Huku hatujambo, isipokuwa mafua yanayozunguka nyumba nzima: yakimtoka huyu yanahamia kwa yule, na nadhani sasa yanaanza mzunguko wa pili. Mke wangu Mwanaasha anakusalimu sana. Mtoto mdogo anaota meno na anamng'ata kila mtu ila mimi, kwa sababu mimi hanioni.

Najua ni miaka mitatu sijakanyaga kwako. Nitasema kazi zilinibana, na wewe kwa wema wako utafanya kama umeamini.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Serikali ilinipeleka Ulaya miezi tisa kusomea udongo, na niliporudi nikapewa karakana, tanuri la kuni, meneja anayeitwa Laurean na wasichana saba wa kufinyanga. Tunatengeneza vikombe vya chai kwa udongo mweupe wa Pugu, ili nchi iache kuagiza vya nje. Mimi ndiye mtaalamu. Imeandikwa mlangoni.

Nikueleze utaalamu wangu ulivyo. Kikombe kikishafinyangwa hupakwa uji wa mchanga laini, kisha huchomwa, na mchanga ule hugeuka kioo juu yake. Tatizo, mchanga peke yake hauyeyuki kwa moto wetu wa kuni. Unataka moto wa Jehanamu. Ukiuchanganya na magadi unayeyuka upesi. Nikaona, kama magadi kidogo yanafaa, mengi yatafaa zaidi. Vikombe vikatoka vinang'aa hata Laurean akajitazama ndani akachana nywele. Wiki ya pili ya kunywewa chai, ule mng'ao ukaanza kuteleza, ukawa na utando mweupe, na chai ikawa na ladha ya maharage. Kumbe kioo cha mchanga na magadi matupu huliwa na maji. Lazima kitiwe chokaa pia ndipo kiyahimili maji. Jambo hili limo katika daftari langu la Ulaya, ukurasa wa nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nimelipigia mistari miwili. Laurean alikuwa amekunywa siku tisa. Alikwisha kwenda hospitali akidhani ana vidonda vya tumbo.

Hilo limekwisha, chokaa tumetia. Sasa nina rafiki, fundi mwenzangu wa mahali pengine, ambaye vikombe vyake vina ugonjwa tofauti. Vikikaa kabatini ni vizuri kabisa. Vikitiwa chai ya moto, vinalia pa! na mnywaji anabaki ameshika kishikio. Rafiki huyo amehangaika sana. Nikamwambia nina shangazi ambaye chungu chake kilikaa mafigani miaka kumi na moja, moto chini na maji baridi juu, kisipate hata mkwaruzo. Anauliza, je, huwa unatia nini katika udongo, na kiasi gani?

Ni kwa ajili ya huyo rafiki tu.

Mimi mwanao,
Mwinshehe


Mzenga,
Kisarawe,
20 Februari 1975

Kwa mwanangu Mwinshehe,

Barua hii inaandikwa na Mwalimu Bernard wa darasa la kisomo cha watu wazima, kwa maneno ya Bi Swaumu mwenyewe kama anavyoyatamka.

Salamu zimefika, baba. Barua yako ilikaa Kisarawe wiki tatu, ikapanda lori la korosho, ikashushwa kijiji kisicho chetu, ikaletwa na mtu aliyekuwa anamtafuta mbuzi wake. Mbuzi hajaonekana. Sisi tumehamia huku kwenye nyumba za mistari, kila mtu anaona mwenzake anapika nini. Mihogo imekubali. Mwanahalima jirani yangu ameozesha binti wa mwisho na sasa ana nafasi ya kufuatilia mambo yangu.

Mpe pole meneja wako. Tumbo lililochomwa na magadi linataka uji mwepesi, na linataka asipewe tena kikombe na wewe.

Habari za rafiki yako nimezisikia. Huyo mwambie amuulize fundi aliyesoma. Wewe si upo karibu naye? Kwa nini ahangaike kumtafuta bibi wa Mzenga na mtaalamu anaye hapo hapo, na imeandikwa mlangoni?

Mimi sifinyangi siku hizi. Magoti. Kukaa chini na kuinuka kumekuwa kazi. Nimejiandikisha kisomo, tunasoma jioni na chaki, nakaa kwenye benchi. Mwezi wa nane kuna mtihani wa nchi nzima.

Msalimu mke wako. Huyo mtoto mwache ang'ate.

Mimi shangazi yako,
Swaumu binti Mwinshehe

*Ndugu Mwinshehe, mimi mwandishi naongeza haya baada ya Bibi kuondoka, kwa hiyo tafadhali usimwambie. Magoti yake ni mazima. Jana alinipita mlimani akiwa na mzigo wa kuni kichwani, na mimi sikuwa na mzigo. Hajafinyanga hata kikombe tangu nilipohamishiwa hapa. Wanawake darasani wanasema mwaka 1972 mvua iliharibu mitungi yake yote siku ya kuchoma, ndipo akaacha. Lakini wakisema hivyo hutazamana. — Bernard.*


Karakana ya Ufinyanzi,
Kibaha,
16 Machi 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku mafua yameondoka, yamekuja macho mekundu. Mwanaasha amelima mchicha nyuma ya nyumba na umestawi kuliko chochote nilichowahi kukianzisha mimi. Maulidi tutasoma hapa hapa na majirani.

Yule rafiki yangu, Shangazi, amefariki kwa aibu. Ni mimi. Vikombe vinavyolia pa! ni vyangu, na vishikio vinavyobaki mikononi ni vyangu; ninavyo debe zima. Nyuma ya karakana kuna kilima cha vikombe vilivyopasuka, na watu wanaokwenda Tumbi wamekifanya alama ya njia: "Ukifika kwenye kilima cha vikombe, kata kushoto."

Nakueleza ninavyofanya ili unipime. Nachukua udongo mweupe wa Pugu, nauongezea kidogo udongo unaonata wa bonde la Ruvu ili ushikane, naloweka siku tano, nachuja kwa kitambaa. Nachuja mara tatu. Unatoka laini kama poda ya watoto, hakuna punje wala chembe. Tangu vianze kupasuka nimeongeza mchujo wa nne, na naona vinapasuka zaidi. Sijui kitambaa changu si kizuri?

Sasa jambo lenyewe. Laurean ameletewa barua na wakubwa. Siku ya Saba Saba watakuja mbele ya watu wote, vikombe mia mbili vipangwe mezani, na kila kimoja kitiwe chai inayochemka. Vikisimama, karakana inaendelea. Vikipasuka, jengo linakuwa ghala la mbolea, wasichana wanarudi makwao, na mimi nadhani nitabaki kuhesabu magunia. Wasichana wenyewe hawana kosa. Mmoja, Adventina, ametoka Karagwe kuja kujifunza kwangu. Siku nne safarini, Shangazi, kuja kujifunza kwangu.

Kwa hiyo nakuomba kwa jina langu safari hii, si la marehemu. Niambie unatia nini, na kiasi gani.

Halafu nilitaka kuuliza, mwaka ule 1972 ilikuwaje hata ukaacha? Maana nasikia magoti yako yanapanda mlima vizuri tu.

Mwanao,
Mwinshehe


Mzenga
30 Aprili 1975

Mwinshehe

Naandika mwenyewe. Bernard nimemfukuza uandishi. Ualimu nimemwachia. Habari ya magoti amekupa yeye na wewe umemchoma mchana kweupe. Nyote wawili hamfai kwa siri.

Barua hii nimeiandika siku kumi na moja. Usiseme nimechelewa.

Umeuliza ilikuwaje. Miaka mitatu hukuuliza. Sasa sikiliza.

Ulikuja na suruali ya Ulaya. Ulisimama uwanjani kwangu. Wanawake kumi na wawili walikuwepo. Mimi nilikuwa natwanga vigae vya vyungu vya zamani ili nitie katika udongo mpya kama alivyofanya mama yangu. Ulikichukua kinu ukamwaga. Ulisema huo ni uchafu. Ulisema udongo safi ndio udongo imara. Ulisema Ulaya wanachuja kwa kitambaa. Kisha lori likapiga honi ukapanda ukaenda.

Nilikuwa na agizo la mitungi arobaini na moja. Kijiji kilikuwa kinajiandaa kuhama na kila nyumba mpya ilitaka mtungi. Sijawahi kupata agizo kama lile tangu nizaliwe.

Nilichuja kwa kitambaa. Nilitumia khanga yangu mpya. Sikutia kigae hata kimoja.

Utauliza kwa nini nilikusikiliza na mimi nina miaka arobaini kazini. Kwa sababu una jina la baba yangu. Na kwa sababu nilikwisha kuwatangazia watu kwamba mwanangu amesomea udongo.

Siku ya kuchoma mitungi ilianza kulia moto ulipokolea. Nilihesabu. Ilipofika thelathini niliacha kuhesabu. Watu walikuja mbio. Nikasema ni mvua. Nikasema kuni zililowa. Mwezi ule hapakuwa na tone, Mwinshehe. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye vifundo. Lakini nilisema mvua na wao wakasema pole kwa mvua.

Ningesema ni wewe, wangecheka jina la baba.

Kosa nililijua majivu hayajapoa. Ningeweza kurudia. Lakini nani angeagiza tena? Walikwenda Kisarawe wakanunua ndoo za bati.

Kitambaa chako ni kizuri. Ndiyo maana vinapasuka.

Kipimo sikupi. Kipimo hupewa binti. Anakishika kwa mkono, mkono wa mama juu ya mkono wake. Mimi sikujaliwa binti. Hakuna mwanamume aliyewahi kukipata.

Msalimu Mwanaasha.

Swaumu


Karakana ya Ufinyanzi,
Kibaha,
13 Mei 1975

Shangazi,

Shikamoo. Wa nyumbani wote hawajambo. Macho mekundu yamekwisha. Mwanaasha ameisoma barua yako, akanitazama, akaenda kumwagilia mchicha wakati mvua inanyesha.

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta pa kujitetea. Mara ya pili nilitafuta kama ipo nafasi kwamba vigae havikuhusika, labda moto, labda upepo. Mara ya tatu nilikumbuka suruali. Ilikuwa ya kitambaa kizito cha nchi ya baridi, na muda wote wa hotuba yangu mapaja yalikuwa yanawaka. Nilifupisha kwa ajili hiyo. Fikiria ningekuja na kaptula, ningeharibu vyungu vya wilaya nzima.

Mara ya nne nililia. Nakuambia hivyo hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kuliandika.

Kuna kitu sijamwambia mtu, hata Mwanaasha. Kule Ulaya mtihani wa mwisho wa udongo niliufeli. Walinipa cheti cha kuhudhuria. Kimetundikwa ukutani ofisini, kina muhuri mwekundu mkubwa, na kwa kuwa kimeandikwa kwa lugha yao hakuna anayejua kinasema kwamba ndugu huyu alikuwepo. Niliporudi niliogopa mtu asije akaniuliza swali. Nilipokuja kwako na kukuona unatwanga vigae, nikaona hapa ndipo mahali ambapo nitajua zaidi ya mtu mwingine. Nikasema kwa sauti. Uliinama ukaanza kuzoa vile vigae, na mimi nikaendelea kusema.

Nisamehe, Shangazi. Nisamehe mitungi, khanga, na miaka mitatu ambayo sikuja kuuliza. Sikuja kwa sababu nilidhani nimekwisha kukufundisha.

Kipimo sikuombi tena. Si changu, na umenieleza kwa nini. Nimemwambia Laurean kwamba Saba Saba vikombe vitapasuka na kosa ni langu, asiwalaumu wasichana. Akauliza kama ghala la mbolea litahitaji meneja.

Wasichana niliwasimulia habari ya mitungi yako wakati wa chai, tukinywea vikombe vya bati. Adventina akauliza, "Shangazi yako alikwambia nini siku ile?" Nikasema hakuniambia kitu. Akasema, "Basi anakupenda sana, Bwana Mwinshehe. Mimi ningekurushia kinu."

Saba Saba ikipita nitakuja Mzenga, na suruali ya kawaida.

Mwanao asiyestahili,
Mwinshehe


Mzenga
4 Juni 1975

Mwinshehe mwanangu

Sisi wazima. Mihogo tunavuna. Mbuzi wa yule mtu ameonekana, alikuwa kwenye bustani ya shule amenenepa.

Cheti cha kuhudhuria si kibaya. Na mimi nikifeli mwezi wa nane Bernard amesema nitapewa hicho hicho. Tutatundika pamoja.

Nimelala siku nyingi na barua yako chini ya mto. Nilitaka nikasirike zaidi na haikuwezekana. Adventina ni mtoto wa watu wenye adabu. Mwambie kinu kilikuwa kizito, ndiyo maana.

Nimefikiri hivi. Nina miaka sitini na tatu. Nikifa na kipimo mkononi kitaoza pamoja na mkono. Mama yangu asingependa.

Chukua kalamu.

Kigae kiwe cha chombo kilichoiva. Kigonge kwa kucha. Kinacholia chukua, kinachonyamaza tupa, hicho kitakunywa maji na kulegea. Wewe una kilima kizima. Usitafute mbali.

Twanga. Usisage. Unga hauzuii ufa. Ufa ukianza unakimbia kwenye udongo laini kama mtu kwenye barabara ya lami. Ukikuta punje unajikwaa. Ukikuta punje ya pili unachoka. Chombo kina nyufa ndogo ndogo elfu ndani yake na zote zimesimama, ndiyo maana kinabaki kizima.

Punje za mtungi ziwe kama mtama. Za kikombe chako ziwe kama chumvi ya kupikia.

Mikono mitatu ya udongo, mkono mmoja wa kigae. Udongo ukinata sana vidoleni ongeza nusu mkono. Ukiona unakatika ukiukunja umezidisha. Hapo hakuna maneno tena, ni mkono utakaokwambia.

Anayechoma hasalimiwi mpaka moto ushuke. Hilo si kwa ajili ya udongo, ni kwa ajili yako usije ukaanza kuhutubia.

Habari ya mvua usimwambie mtu. Imepita.

Swaumu


Karakana ya Ufinyanzi,
Kibaha,
15 Julai 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena ya pili kwa niaba ya karakana nzima. Nyumbani wazima. Mtoto ana meno sita na sasa amenifahamu, ameniuma.

Nianze na ujinga ili tumalizane nao. Barua yako ilipofika niliisoma kwa sauti mbele ya wasichana, nikaikunja, nikaenda kutwanga vigae mwenyewe kwa heshima. Nilitwanga vizuri. Kisha mikono yangu, bila kuniuliza, ikachukua kitambaa ikachuja. Mazoea, Shangazi. Nilitupa punje nikabakiza unga. Tukachoma vikombe ishirini na vinne vya majaribio, tukavitia chai ya moto, na kumi na tisa vikalia pa! Nilikaa chini nikasema kipimo cha shangazi kimekataa mwanamume.

Adventina akaomba barua. Akaisoma taratibu huku akifuata kwa kidole. "Bibi ameandika twanga usisage. Ameandika unga hauzuii ufa. Punje ziko wapi, Bwana Mwinshehe?" Zilikuwa kwenye debe la taka. Tuliziokota wote wanane.

Tangu siku hiyo kupima wanapima wao, kwa mikono, na mimi nachota maji. Tanuri likiwaka hakuna kusalimiana. Laurean alikuja na mgeni kutoka Dar akasema habari za kazi, na wasichana saba wakamgeuzia mgongo. Mgeni aliandika kwenye daftari lake kwamba nidhamu ni nzuri.

Siku ya Saba Saba meza ilikuwa ndefu kama ya harusi. Wakubwa wamekaa kivulini, watu wamesimama juani, chai inachemka kwenye masufuria matatu. Laurean mwenyewe akamimina. Cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Nilikuwa nimefumba macho nasikiliza. Kwenye hamsini na kitu kimoja kikalia, na moyo wangu ukalia nacho. Lakini vilivyofuata vikanyamaza. Vilipasuka vinne tu katika mia mbili, Shangazi. Kisha watu wakaitwa wanywe, na nikawaona wamevishika kwa mikono miwili wanapuliza, na hakuna aliyebaki na kishikio. Karakana inaendelea. Wasichana walipiga vigelegele mpaka Adventina akapoteza sauti.

Mkubwa mmoja akaja na fomu, akanipongeza, akasema njia hii lazima iandikwe vijitabu viende karakana nyingine. Akauliza aiite Njia ya Mwinshehe? Kalamu iko juu ya karatasi. Nakuambia ukweli, lilikuwa jina zuri na lilinikaa vizuri kwa muda wa kupumua mara moja.

Nikamwambia aandike Kipimo cha Swaumu binti Mwinshehe, wa Mzenga. Akauliza ndiye nani. Nikamweleza, na nilipoanza sikuweza kuishia katikati. Nilieleza kinu, kitambaa, mitungi arobaini na moja, na mvua ambayo haikunyesha. Pale pale mbele ya kipaza sauti, kwa sababu sikujua kimewashwa. Watu walicheka sana. Sijawahi kuchekewa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, na ajabu ni kwamba nilikwenda nyumbani nikalala vizuri.

Uliniambia nisiseme. Nimekaidi, na nimekaidi mara mbili. Nimemwandikia Bernard barua nyingine nikamwomba aisome darasani mbele ya wanawake wote, kwamba kosa la mwaka ule lilikuwa langu peke yangu. Utakapopata hii atakuwa amekwisha kuisoma. Kama utanirushia kinu, nitakuja kukipokea.

Pamoja na barua hii iko ya karakana, ina muhuri. Wanakuomba uje ufundishe.

Mwanao,
Mwinshehe


Mzenga
17 Agosti 1975

Mwinshehe mwanangu

Huku wazima. Mtihani tumefanya juzi. Kulikuwa na hesabu ya magunia na barua ya kumwandikia ndugu aliye mbali. Hiyo ya pili niliandika mpaka msimamizi akaninyang'anya karatasi.

Barua yako Bernard aliisoma. Nilisimama nitoke, Mwanahalima akanishika nguo. Alisoma yote. Hakuna aliyecheka kama huko kwenu. Nikajua sasa jina la baba limekwisha.

Kisha Mwanahalima akasema, "Sisi tulijua mvua haikunyesha. Lakini hatukujua ni mtoto wako. Tulidhani mikono yako imekwisha, Swaumu. Tulinunua ndoo ili usilazimike kukataa."

Miaka mitatu, baba. Nilidhani nakulinda wewe, na wao walidhani wananilinda mimi. Nilifika nyumbani nikakaa nikalia kwa sauti, na kwa nyumba hizi za mistari kila mtu alisikia, wakaja wote. Nilikukasirikia mpaka chakula cha jioni. Baadaye sikuona tena cha kukasirikia.

Asubuhi Mwanahalima alileta udongo kwa ndoo yake ya bati. Akauweka mlangoni akaenda zake. Nimetengeneza mitungi minne. Ijumaa nimechoma. Yote ipo.

Barua yenye muhuri nimeisoma mwenyewe. Nitakuja mwezi ujao, Jumatano ya kwanza, kwa basi la asubuhi. Usije na gari la kazi kunipokea, watu wataniona mgonjwa. Waambie wasichana wakate kucha. Nitawafundisha mmoja mmoja, mkono juu ya mkono, maana barua ni barua tu. Wewe pia ukae chini kwenye mkeka pamoja nao. Usikae kwenye kiti.

Umri wangu wote niliomba binti mmoja wa kumwachia. Nimepewa wanane, na wa mwisho ana ndevu.

Shangazi yako
Swaumu binti Mwinshehe